UZI MAALUM: Wapiga kopi za roki ya gitaa tupu tukutane hapa. Noti zote ziko sawa, mbona wimbo wangu umekufa?

Kidole Gumba (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi si mwanamuziki wa kazi. Nina gitaa moja la umeme, kadi ya sauti ya matundu mawili, kompyuta, na zile saa za usiku ambazo wa nyumbani wamelala. Kwa miezi kadhaa sasa narekodi kopi za roki ya ala tupu, zile nyimbo ambazo hazina mwimbaji, gitaa ndilo linaloongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimekwama kwenye "Apache" ya The Shadows, ile bendi ya Uingereza.

Nimeirekodi mara thelathini na kitu. Noti nimezihakiki moja moja kwa kupunguza kasi ya rekodi ya asili, hakuna hata moja iliyokosewa. Utaratibu wangu ni huu: narekodi gitaa kavu kabisa, noti iliyochelewa naisogeza kwa kipanya mpaka ikae juu ya mstari wa mapigo, mwisho naongeza mwangwi. Nikisikiliza, naona maiti iliyovishwa suti.

Sauti nimeambatanisha. Nikosoeni bila huruma, nimekuja kujifunza.

Siti ya Mbele

Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

Nyuzi Sita

Mkuu tusizunguke, hapo ni vifaa tu. Hank Marvin, mpiga solo wa The Shadows, alikuwa na gitaa la Stratocaster ambalo mwimbaji wao Cliff Richard aliliagiza kutoka Marekani mwaka 1959, amplifaya ya Vox, na nyuzi nene kama za kuanikia nguo. Wewe umefunga nyuzi namba ngapi? Kama ni 9, zile nyembamba, futa uzi huu ukanunue nyuzi kwanza.

Kidole Gumba

Ni 9 mkuu.

Nyuzi Sita

Sina la kuongeza.

Mama Freti

Nyuzi Sita, usimkatishe mwenzio tamaa. Nyuzi nene zinasaidia kweli, maana ukizipiga kwa nguvu haziyumbi na sauti inatoka imeshiba. Ila nimeisikiliza kazi yake mara tatu na vidole vyake havina tatizo. Tatizo kaliandika mwenyewe pale juu: anarekodi kavu, mwangwi anauweka mwisho.

Kidole Gumba, kwenye nyimbo hizi mwangwi si manukato ya kujipulizia ukishavaa. Marvin alikuwa na mashine ya mwangwi ya Meazzi aliyoipata kwa mwanamuziki mwenzake Joe Brown. Ina vichwa kadhaa vya kusoma sauti, kwa hiyo noti moja inarudi zaidi ya mara moja. Na alipokuwa anapiga alikuwa anaisikia! Anapiga noti, mashine inamjibu, anaiachia imalize, ndipo anaingia tena. Wewe ulipopiga hukujibiwa na yeyote, kwa hiyo hukumsubiri yeyote. Mwangwi uliokuja kuuweka baadaye unaangukia juu ya noti zinazofuata, kama watu wawili kwenye simu wanaongea kwa pamoja.

Jaribu hivi. Traki iendelee kurekodiwa kavu, ila masikioni mwako uwe unasikia mwangwi wakati unapiga. Programu karibu zote zinaruhusu, Reaper, GarageBand na nyinginezo. Mwangwi utaweza kuubadilisha baadaye upendavyo, lakini mkono utakuwa umeshapiga kwa kuuheshimu.

Halafu hicho kipanya kiweke mbali. Zile noti "zilizochelewa" ulizozisogeza ndizo zilikuwa zinapumua.

Babu Mwangwi

Binti amesema kweli tupu. Vijana wa leo mwangwi mnaupata kwa kubofya, sisi tuliufuata ulipo. Nilikuwa naweka spika bafuni, maiki naiacha mlangoni, halafu naomba Mungu asije mtu kuoga. Na sikuwa nimebuni mimi. Mpiga gitaa Duane Eddy alipotoa "Rebel-'Rouser" mwaka 1958, kule Phoenix studio yao haikuwa na chumba cha mwangwi, wakatumia tangi kubwa la maji lililokuwa tupu. Spika ndani, maiki ndani, basi. Noti nene za nyuzi za chini zikaja na ule ukubwa wake.

Kaseti nazo zilitufunza. Nilikuwa na dekki mbili: narekodi ridhimu kwenye ya kwanza, naipiga kwa sauti huku napiga solo, ya pili inanasa vyote viwili. Ukikosea solo kwenye noti ya mwisho, unarudia wimbo mzima. Na kila ukihamisha, ule mvumo wa "shshsh" unaongezeka. Kwa hiyo ulikuwa unaingia ukiwa umeshaamua unataka kusema nini.

Siti ya Mbele

Shikamoo babu. Hapo kwenye mtu asije kuoga nimecheka mpaka nimewaamsha watu.

Babu Mwangwi

Marahaba. Alikuja. Ipo kwenye kaseti mpaka leo.

Kidole Gumba

Mama Freti, nimejaribu jana usiku na mambo yamekuwa mabaya zaidi. Mwangwi nausikia, ila hata noti yenyewe inanifikia ikiwa imechelewa. Naigusa, kimya, halafu "ting". Siwezi kupiga hivyo, nakuwa kama mlevi anayekimbizana na kivuli chake.

Bafa 128

Hili ni eneo langu, sogeeni.

Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone, inajaza ndoo kwanza ndipo inaichakata. Ndoo hiyo ndiyo bafa. Ukiwa kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ya 1024, ndoo moja inajaa kwa milisekunde 21 hivi. Kuna ndoo ya kuingia na ndoo ya kutoka, kwa hiyo umeshapoteza zaidi ya 40 kabla hujagusa kitu kingine. Ukishusha bafa hadi 128, ndoo moja ni chini ya milisekunde 3.

Ili upate picha: hewani sauti inasafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye amplifaya yako, jambo ambalo wapiga gitaa jukwaani wanalifanya kila siku na hawalalamiki. Milisekunde 40 ni mita 14 hivi. Hapo tayari uko nje ya ukumbi.

Wakati wa kurekodi shusha bafa, zima madoido yote mazito kwenye traki nyingine. Wakati wa kumiksi ipandishe tena ili kompyuta ipumue. Kwa wa Windows, tumieni dereva ya ASIO (programu inayounganisha kadi na kompyuta) iliyotoka na kadi yenu, msitegemee ile ya kawaida.

Swali moja kabla hujaanza kuhangaika: hedifoni zako ni za waya?

Kidole Gumba

Ni za blututhi.

Bafa 128

...

Nyuzi Sita

Hahahaha jamani.

Bafa 128

Mkuu, blututhi peke yake mara nyingi inakula milisekunde mia na zaidi. Bafa ungeshusha hadi sifuri isingekusaidia kitu. Tafuta hedifoni za waya, hata kuukuu. Naomba na wengine mnaopitia uzi huu kimyakimya mjikague, maana hili si la Kidole Gumba peke yake.

Mwimbaji Bubu

Naomba kuingiza la kwangu, halipo mbali na mada. Mimi sipigi zile ambazo tangu mwanzo ziliandikwa kwa gitaa. Nachukua nyimbo za roki zenye maneno, sehemu ya mwimbaji naigeuza kuwa ya gitaa. Beti la kwanza linakwenda vizuri, kufika la pili najichosha mwenyewe. Tatizo ni nini?

Mama Freti

Maneno yameondoka, hilo ndilo tatizo.

Mwimbaji anaweza kuimba noti ile ile mara sita na usichoke, kwa sababu kila mara silabi ni nyingine. Kuna konsonanti, kuna irabu, kuna hadithi inayosonga mbele. Gitaa likipiga noti moja mara sita kwa namna moja, ni mtu anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Kwa hiyo zile silabi inabidi uzitafute kwenye mikono yako.

Chukua noti ya E ya uzi wa kwanza ukiwa wazi. Ipo pia kwenye uzi wa pili freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya shingoni), uzi wa tatu freti ya 9, uzi wa nne freti ya 14. Noti ni ile ile, ila kila mahali ina sauti ya mtu tofauti. Hapo tu una irabu nne. Ongeza kuteleza kutoka freti ya chini, kuvuta uzi, kuanza noti kwa kidole cha kushoto bila plekta (kile kipande cha kukwanyulia nyuzi), kubana nyuzi kwa ubavu wa kiganja pale kwenye daraja, nyuzi zinapoishia. Plekta ikisogea karibu na daraja sauti inakuwa kali, ikisogea shingoni inalainika. Wengi wetu mkono wa kulia tumeupigilia misumari mahali pamoja.

Na pumua. Nasema kwa maana halisi: imba maneno kimoyomoyo wakati unapiga, mahali ambapo mwimbaji angevuta pumzi nyamazisha nyuzi. Usijaze. Wapiga gitaa tunaogopa ukimya kuliko deni.

Beti la pili lipige kwa namna nyingine, shuka oktavu au badili pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Mpiga gitaa Jeff Beck alichukua "Cause We've Ended as Lovers", wimbo ulioandikwa na Stevie Wonder, akaupiga bila neno hata moja mwaka 1975. Usikilize ukiwa unaangalia kitu kimoja tu: noti zinavyoanza. Kadhaa hazina ule mgongano wa plekta, anaziingiza kwa kitufe cha sauti.

Mwimbaji Bubu

Kubisha hodi nyumba isiyo na watu. Umenisema mimi kabisa dada. Nakwenda kurudia.

Noti kwa Noti

Naona tunateleza. Kopi ni kopi. Ukitaka kubadilisha beti la pili andika wimbo wako. Mimi ninapopiga "Apache" nataka mtu afumbe macho asijue kama ni mimi au ni wao. Hata kile kingoma cha Kichina alichopiga Cliff Richard mwanzo na mwisho nimekitafutia sauti yake.

Besi Nne

Kazi yako naiheshimu, hicho kingoma wengi hata hawajui kama kipo. Ila hoja yako inavuja. "Apache" yenyewe Jerry Lordan aliiandika, Bert Weedon akawa wa kwanza kuirekodi, The Shadows wakaichukua wakaifanya ilivyo na kufika namba moja Uingereza mwaka 1960. "Walk, Don't Run" ndiyo usiseme: ni ya Johnny Smith, mpiga jazi, Chet Atkins akaipiga kwa vidole, The Ventures wakaisikia kwa Atkins wakairahisisha kwa sababu, kwa kukiri kwao, ile ya Atkins ilikuwa ngumu kwao. Hao walikuwa mafundi ujenzi waliokuwa wanajifunza gitaa. Mwaka 1964 wakajikopi wenyewe kwa mtindo mwingine na ikauza tena.

Na "Misirlou" ya Dick Dale ya 1962? Ni wimbo wa zamani wa mashariki ya Mediterania, yeye akaukimbiza kwenye uzi mmoja kwa plekta ya haraka haraka kama mvua ya mawe. Angekuwa na msimamo wako tungekosa vingi.

Noti kwa Noti

Hao ni wao. Mimi na wewe tujifunze kutembea kwanza. Ukikopi noti kwa noti unajua kwa nini jamaa alipita pale. Ukibadilisha kabla ya kujua, unaficha ulichoshindwa.

Mama Freti

Hapo sina ubishi. Wanaojiita "nimeifanya kwa staili yangu" wengi wao wameruka kipande kigumu.

Kidole Gumba

Jambo dogo linalonisumbua: nikityuni kwa tyuna, A ya 440, bado silingani na rekodi ya asili. Nikipandisha kidogo nazidi, nikishusha napungua.

Babu Mwangwi

Tepu, mjukuu wangu. Mashine zile kasi yake haikuwa sawa daima, ikizidi kidogo wimbo mzima unapanda. Rekodi nyingi za zamani zimeangukia katikati ya nusu toni. Usilitese gitaa. Ihamishe rekodi ya asili ndani ya programu mpaka ikufuate wewe, kisha ndiyo uisikilizie.

Besi Nne

Kwenye kuhama hapo nina kituko. Tuko watu wanne hatujawahi kuonana, tunatumiana mafaili: mmoja dramu, mmoja ridhimu, mimi besi, mwingine solo. Nikatuma besi safi kabisa. Mpiga solo akanijibu kwa ukali, nimepiga ufunguo gani huu, na nakimbia nakwenda wapi. Tukagombana siku mbili. Kumbe mimi nilirekodi kwa 44,100, yeye mradi wake uko 48,000, na programu yake ililifungua faili bila kulibadilisha. Besi ikaenda kasi kwa karibu asilimia 9 na kupanda nusu toni moja na nusu. Sasa tuna sheria: wote 48,000, biti 24, faili lianze sifuri hata kama chombo chako kinaingia dakika ya pili, na mlio mmoja wa kliki mwanzoni.

Bafa 128

Weka na hii: msirekodi kwa kugusa wekundu wa kipimo cha sauti. Ukiwa na biti 24, vilele vikicheza kwenye desibeli -12 vinatosha kabisa. Sauti ikishakatika kichwa wakati wa kuingia, hairudi. Na gitaa ukilichomeka moja kwa moja, washa kile kitufe cha tundu la ala kwenye kadi ya sauti (INST au Hi-Z), la sivyo pikapu zinabanwa na ile sauti kali ya juu inapotea. Nimeisikiliza faili ya mleta mada, nahisi hakukiwasha.

Kidole Gumba

Sikukiwasha. Nilidhani ni taa ya urembo.

Siti ya Mbele

Uzi huu utaniua.

Nyuzi Sita

Kwa wenye pikapu za koili moja wanaosumbuliwa na mvumo: usikimbilie kuuchuja kwa programu. Geuka taratibu ukiwa umeshika gitaa, kuna pembe utakuta mvumo umezama. Jitenge na skrini na taa za kupunguza mwanga. Na kama swichi yako ina nafasi tano, jaribu ya pili na ya nne, kwenye magitaa mengi pikapu ya kati imezungushwa kinyume na zile mbili zinauana mvumo. Naona mlidhani najua nyuzi tu.

Mgeni Njiani

Wakuu, ridhimu yangu nimeirekodi mara moja nikaikopi traki nikaweka kushoto na kulia ili ipanuke. Haipanuki.

Mama Freti

Haiwezi. Vitu viwili vinavyofanana kabisa vinajumlishwa tu, vinaongeza sauti na kukaa katikati. Upana unatoka kwenye tofauti. Piga mara mbili kweli, usiku mmoja, kushoto na kulia. Vile vikosa vidogo kati ya ya kwanza na ya pili ndiyo upana wenyewe. Katikati muachie solo, na ridhimu ikate chini ya hetsi 100 hivi, huko ni kwa besi na dramu ya mguu.

Karani wa Haki

Mnapopandisha YouTube mjue haya mawili. Utunzi una mwenyewe hata kama kila sauti umeipiga wewe, na Lordan alifariki 1995, kwa hiyo kwa nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo, "Apache" bado sana. Mara nyingi Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki wenye mwenyewe, utaweka dai na pesa ya matangazo itakwenda kwa mwenye utunzi, video ikabaki. Lingine, ule muziki wa kusindikiza uliopakua mahali una haki zake mbali na za wimbo. Wengi wanapigwa dai kwa huo, wanadhani ni gitaa lao.

Kidole Gumba

Wakuu nimerudi. Hedifoni ni za waya, masikio yanauma lakini ni za waya. Kitufe nimewasha. Bafa 128, mwangwi nilikuwa nausikia wakati napiga. Kwenye mstari wa kwanza nilijikuta nimesimama nasubiri, kama kuna mtu anamalizia sentensi. Sikusogeza noti hata moja. Hii ni ya nne kati ya nne nilizopiga, nikaacha hapo hapo. Nimeambatanisha.

Mama Freti

Sekunde ya ishirini na tatu, ile noti ndefu uliyoitikisa ikiwa inakufa. Hiyo hukuipiga mara zote thelathini za mwanzo.

Babu Mwangwi

Nimeisikiliza nikiwa nimesimama.

Noti kwa Noti

Mwisho wa mstari wa pili umeongeza noti ambayo haipo. Nimeiona. Iache.

Bafa 128

Katikati kuna kitu kinalia "kwii".

Kidole Gumba

Kiti changu mkuu.

Nyuzi Sita

Sawa, nakubali imesimama. Hatimaye umenunua nyuzi. Umefunga namba ngapi, 12?

Kidole Gumba

Zile zile 9.

Siti ya Mbele

Jamani Nyuzi Sita yuko wapi?